Kiputo Kimoja Ndani ya Chupa: Kupima Methani Iliyoyeyuka katika Maji ya Pwani

Maji ya bahari yaliyofikia usawa wa kubadilishana gesi na hewa iliyo juu yake huwa na gesi ya methani kidogo mno: takriban nanomoli (sehemu za bilioni za moli, kipimo cha kiasi cha dutu) 2 hadi 4 kwa lita, kutegemea joto na kiwango cha chumvi. Karibu na nchi kavu, hasa kwenye milango ya mito na hori zenye mikoko, kiasi hicho huweza kupanda mara kumi, hata mara mia. Katika miaka mingi ya kazi hii nimesadiki kwamba vipimo vingi vibaya huharibikia kwenye mashua, sampuli inapochotwa, kabla hata maabara haijahusika.

Mrija laini huunganishwa na bomba la chupa ya Niskin, yaani chombo cha kuchotea maji kinachofungwa kikiwa kilindini, iliyoleta maji kutoka kina kilichokusudiwa, na ncha yake hufikishwa kwenye kitako cha chupa ya kioo. Maji huachwa yapande taratibu bila kutibuka, kisha yafurike, ili yale ya mwanzo yaliyogusana na hewa yatoke yote. Mimi huyaacha yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wa chupa. Mrija huondolewa polepole maji yakiwa bado yanatiririka, kizibo cha mpira huingizwa kwa mshazari ili hewa isinaswe chini yake, na kifuniko cha alumini hubanwa kwa koleo. Hapo huipindua chupa, nikaigonga kwa ukucha na kuitazama kwenye mwanga. Nikiona kiputo, sampuli hiyo humwagwa na kazi huanza upya, hata kama mawimbi yanatutupa huku na huku.

Ukali huo una sababu. Methani haipendi kukaa majini: mizani inapotulia, yaani methani inapoacha kuhama kati ya maji na gesi inayogusana nayo, gesi hiyo hubeba methani zaidi ya mara 30 ya ile inayobaki katika ujazo uleule wa maji ya bahari. Hivyo kiputo cha mililita 1 ndani ya chupa ya mililita 100 huweza kuvuta karibu robo ya methani yote iliyokuwamo. Tabia hiyohiyo ndiyo inayotusaidia maabara, ambako tunaingiza heliamu au naitrojeni safi kwa sindano, tunatoa kiasi sawa cha maji, tunatikisa chupa hadi mizani itulie, kisha tunapitisha gesi hiyo kwenye kromatografu, mashine inayotenganisha gesi na kuzipima, na kurudi kwa hesabu hadi kiasi kilichokuwa majini, tukitumia milinganyo ya uyeyukaji iliyochapishwa na Wiesenburg na Guinasso mwaka 1979.

Bakteria walao methani hawasubiri chupa ifike maabara, ndiyo maana sampuli hutiwa sumu, na kwa miaka mingi sumu hiyo imekuwa kloridi ya zebaki. Inafanya kazi vizuri, lakini ni hatari kwa anayeishika na kwa maji tunayodai kuyalinda. Inapowezekana, napendelea kupima siku ileile.

Namba ya methani ikiandikwa peke yake haisomeki. Maji ya bahari yana salfeti takriban milimoli 28 kwa lita, na palipo na salfeti ya kutosha kwenye tope, vijidudu vinavyoitumia huwanyang'anya chakula vile vinavyotengeneza methani. Maji ya mto hayana kinga hiyo, kwa hiyo mara nyingi methani hushuka kadiri chumvi inavyopanda. Tukichora methani dhidi ya chumvi, sampuli zilizo chini ya mstari wa mchanganyiko, yaani ule unaotarajiwa maji ya mto na ya bahari yakichanganyika tu, hutuonyesha gesi iliyotoroka hewani au iliyoliwa njiani, na zilizo juu yake hutuelekeza kwenye chanzo kingine, labda tope la karibu au maji taka. Oksijeni nayo ni lazima ipimwe: ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita karibu na sakafu, viumbe wengi hutaabika, na methani inayopanda kutoka kwenye tope hukosa sehemu ya walaji wake.

Saa ya kuchota pia iandikwe pamoja na hali ya maji. Wakati wa maji kupwa, maji yaliyokuwa yamejificha ndani ya tope la mikoko huchuruzika kuingia horini, yakibeba methani nyingi. Yanapojaa, bahari huizimua. Ninapofanya kazi horini huchota kila saa kwa mzunguko mzima wa kupwa na kujaa, nikipima na upepo, kwa kuwa katika milinganyo tunayotumia sana, kasi ya gesi kutoka majini hukua kwa mraba wa kasi ya upepo: upepo ukiongezeka maradufu, kasi hiyo huongezeka mara nne.