Mjomba anataka kuuza ng'ombe kumi na sita mtoto akasome digrii, nikamfungulia slipu ya mshahara

Juzi mjomba wangu wa Bariadi kanipigia simu mapema kabisa, hata chai sijanywa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza watoto, akauliza mvua za huku, alafu ndo likaja lililompigisha. Kijana wake kamaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), kapata division two, kachaguliwa chuo kimoja binafsi hapa Dar kusoma digrii ya rasilimali watu, na mkopo awamu ya kwanza jina halikutoka. "Sasa mjomba, wewe ndo mtu wa mahesabu. Niuze ng'ombe au nisiuze?"

Nikamwomba wiki moja. Na kwavile swali hili naulizwa kila ikifika Oktoba, mara na shemeji, mara na jirani, mara na mama muuza chakula pale ofisini, nimeona niliandike tu, atakayeuliza tena namtumia link.

Mimi ni mhasibu, mwaka wa kumi na moja huu naandaa mishahara ya kampuni ndogondogo, na mke wangu ni mwalimu wa serikali kwahiyo slipu yake naijua kuliko anavyoijua yeye. Sio mtaalamu wa elimu. Mimi najua kinachobaki baada ya makato, basi, na watu wengi wanaoshauri habari za chuo hawajawahi kufika kwenye huo mstari wa mwisho wa slipu.

Tuanze na ng'ombe. Ada ya hicho chuo ni milioni moja na laki nane kwa mwaka, miaka mitatu ni milioni 5.4. Kula na kulala nimetumia kipimo cha Bodi ya Mikopo, wao wanampa mwanafunzi 10,000 kwa siku (ilikuwa 8,500 mpaka ilipopandishwa 2022), nikachukulia siku 240 za chuo kwa mwaka, hiyo ni milioni 2.4, mara tatu milioni 7.2. Jumla milioni 12.6. Bei ya mnadani aliyonitajia mwenyewe ni kama laki nane kwa kichwa, kwahiyo ni ng'ombe kumi na sita, hapo laptop bado, field (mafunzo ya vitendo) bado, nauli ya kwenda na kurudi Simiyu bado, na ile michango ya birthday za roommate bado.

Sasa mjomba akasema "wanabaki wengine". Sawa mjomba wanabaki, lakini ng'ombe jike hakai miaka mitatu bure, anazaa. Ukimuuza leo umeuza na ndama wake na maziwa yake. Hilo ndo watu wanalisahau kwenye hesabu za chuo, wanahesabu ada peke yake. Na kijana naye ni vilevile, miaka mitatu yuko darasani haingizi shilingi, alafu inafuata miaka ya kusota mtaani ambayo haipo kwenye joining instruction ya chuo chochote kile. Kwangu mimi hiyo ndo gharama kubwa kuliko zote, ile ya kusubiri.

Na kusubiri kwenyewe sio utani. Wengine mnakumbuka 2014, Uhamiaji walitangaza nafasi 70, wakajitokeza watu zaidi ya elfu kumi, usaili ikabidi ufanyikie Uwanja wa Taifa, vijana wamekaa majukwaani kama wanasubiri Simba na Yanga. Mwaka 2025 TRA, watu wa kodi, wakatangaza nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya 135,000, yani kila kiti kimoja kina watu zaidi ya themanini. Na walimu ambao zamani walikuwa wanapangiwa vituo moja kwa moja, siku hizi nao wanaitwa kwenye usaili. Wazazi wetu hawakuikuta hii, enzi zao serikali ndo ilikuwa inalipa chuo na ikikusubiri kukuajiri, uchangiaji wa gharama ulianza 1992. Ukiuliza ushauri kwa mzee aliyesoma miaka ya themanini anakujibu kwa hesabu za miaka ya themanini, humlaumu.

Haya, tuseme kapata mkopo awamu zinazofuata au kwa rufaa, ng'ombe wengi wamepona. Kapata na ajira serikalini, basic (mshahara kabla ya makato na posho) laki nane, namba nimeichagua mimi ili hesabu ikae vizuri. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 40,000. Kodi inakatwa kwenye 760,000 iliyobaki, inakuja 68,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 24,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya basic ni 120,000. Anabaki na 548,000. Bila Bodi angebaki na 668,000.

Anakatwa mpaka lini? Mkopo wa ada tuuchukulie milioni 1.2 kwa mwaka, sio ada yote, na chakula na malazi, na vitabu tuweke laki mbili, miaka mitatu unafika milioni 11.4. Ongeza asilimia 1 ya uendeshaji, gawanya kwa 120,000, miezi 96. Miaka minane kamili! Tena huyu ana bahati. Kabla ya 2021 kulikuwa na ile asilimia 6 kila mwaka ya kutunza thamani, ambayo Rais Samia alitangaza kuifuta kwenye Mei Mosi pale Mwanza. Kwa deni hilihili asilimia 6 ni 684,000 kwa mwaka wa kwanza tu wakati wewe unalipa 1,440,000, karibu nusu ya makato yako inamezwa na ongezeko. Na kabla sheria haijabadilishwa 2016 makato yalikuwa asilimia 8, ambayo kwa mshahara huu ni 768,000 kwa mwaka, sasa toa 684,000 hapo uone deni linapungua kiasi gani. Nina rafiki yangu alikatwa miaka sita, siku anaangalia salio akadhani wamemchanganya na mtu mwingine.

Kingine ambacho hakuna anayekwambia. Mtumishi wa umma take home yake hairuhusiwi kushuka chini ya theluthi moja ya basic. Kwenye laki nane theluthi ni kama 267,000. Kwahiyo nafasi ya kukopa benki kwa huyu kijana wetu ni rejesho la kama 281,000 kwa mwezi, asiyedaiwa na Bodi ana nafasi ya 401,000. Unaona inapoumia? Ni kwenye kile kiwanja cha Chanika ulichotaka kukinunua kwa mkopo wa mshahara ukiwa na miaka 27, unajikuta unakinunua una 34 na bei imeshapanda mara tatu. Hiyo laki na ishirini yenyewe mtu anaizoea.

Na angalau huyu kamaliza. Anayelipa bei mbaya kuliko wote ni aliyekula disko, yani kuondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili. Sapu (mtihani wa marudio) kapiga, kafeli tena, karudi nyumbani na begi na deni la miaka miwili na cheti hana. Deni halina habari kama ulimaliza au hukumaliza. Nimewahi kuandaa mshahara wa dereva mmoja kwenye kampuni flani, mtu mzima mpole sana, makato ya Bodi yapo palepale, nikamuuliza kaka hii vipi, akacheka akasema "nilisoma engineering mwaka mmoja na nusu bosi". Analipia kitu ambacho hawezi hata kukiandika kwenye CV. (Na hiyo kampuni ilikuwa inakata hela za watu na kuchelewa kuzipeleka Bodi wakati wanatakiwa wapeleke ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, nikagombana nao nikaondoka. Wewe unayekatwa, nenda kaangalie salio lako, usiamini slipu peke yake.)

Kwahiyo chuo hakilipi? Hapana, sijasema hivyo, na wale wanaojaza Instagram kuwa digrii ni karatasi tu waulize watoto wao wanasoma wapi.

Swali ninalomuuliza mzazi mimi ni moja tu: hiyo kazi, sheria inamruhusu mtu kuifanya bila hiyo karatasi? Daktari hawezi. Muuguzi hawezi. Mfamasia, mhandisi anayetaka kusaini michoro, wakili, mkaguzi wa hesabu, wote mlango umefungwa na ufunguo ni cheti pamoja na usajili wa bodi husika. Huko ukiuza ng'ombe unanunua ufunguo. Lakini afisa masoko, afisa rasilimali watu, afisa miradi, huko mlango uko wazi, anaingia mwenye digrii, anaingia mwenye diploma, anaingia mpwa wa mkurugenzi. Digrii pale ni tiketi ya kusimama foleni, na foleni ndo ile ya watu themanini kwa kiti kimoja.

Na hata mlango uliofungwa una mitego yake. Sheria kwa mfano, LLB, yani digrii ya sheria, peke yake haikufanyi wakili, kuna Law School baada ya hapo, na mnakumbuka kelele za 2022, wanafunzi 633 wakafanya mtihani, 26 ndo wakafaulu moja kwa moja, 342 wakapata sapu, 265 disko. Hao 265 wote walikuwa na digrii mkononi tayari.

Nikamwambia mjomba anitumie matokeo ya kijana ya form four. Watu wakipata ya form six wanayatupa yale ya form four, wakati diploma nyingi za afya zinaangalia haya ya form four, kemia, baiolojia na fizikia. Tabibu diploma ni miaka mitatu na ni mlango uliofungwa kisawasawa. Picha ikaja, kemia D, baiolojia C, nikaanza kufurahi, fizikia F. Basi.

Kinachobaki ni kubadilisha mpangilio, kazi kwanza digrii baadaye. Serikalini karatasi inaamua ngazi ya kuanzia, mwalimu wa cheti anaanza TGTS B (TGTS ni ngazi za mishahara ya walimu), wa diploma C, wa digrii D. Tofauti ipo na ni ya kila mwezi mpaka kustaafu, siidharau. Ila aliyeingia na diploma anaweza kujiendeleza akiwa kazini, Chuo Kikuu Huria kipo toka miaka ya tisini na kimebeba watu wengi sana wa hivyo, mke wangu mmoja wao. Alianza na diploma, akaajiriwa, digrii akaisoma usiku huku mshahara unaingia, na hadaiwi na Bodi hata shilingi. Ilimchukua miaka mingi kuliko wenzake ndio, na kuna mwaka nyumba nzima tulikula maharage kuanzia Januari mpaka Disemba, lakini hakuna siku alikaa bila kipato akisubiri karatasi imletee kazi.

Upande wa VETA, vyuo vya ufundi, nao niseme ukweli. Ada zao za kozi ndefu ni 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 bweni, yani hata mguu wa ng'ombe haufiki. Kuna karakana ya alumini naandaa mishahara yao, fundi mkuu pale hajakanyaga chuo kikuu na miezi mizuri anamzidi yule dada wa ofisini mwenye digrii karibu mara mbili. Miezi mizuri lakini! Analipwa kwa kazi, NSSF, ile akiba ya uzeeni, alikuwa hataki kusikia, mwaka jana kaumia mkono akakaa miezi miwili nyumbani, na ile miezi miwili yule dada wa digrii aliendelea kulipwa kama kawaida, likizo na bima juu. Kwahiyo mkisema fundi anamshinda msomi, sawa, semeni na mwezi gani.

Nilimwambia mjomba hivi: rufaa ya mkopo akate, akipata aende, hata kozi yenyewe iwe hiyo hiyo, kwasababu Bodi wanamdai akishaanza kupata na ng'ombe wako wanazidi kuzaa. Asipopata, kwa rasilimali watu chuo binafsi, kwa ng'ombe kumi na sita, mimi nisingeuza. Ningeuza mmoja, kijana aende VETA akasome umeme wa majumbani, au diploma ya ualimu kama kweli anapenda watoto.

Akanyamaza kwanza. Alafu akaniambia, "Mjomba, nimekusikia. Ila hapa kijijini mwenye division two ni yeye peke yake. Akienda VETA watu watanielewaje?"

Hiyo sikuwa na jibu lake. Kwenye slipu hakuna mstari wa heshima ya baba, na sio kwamba haina thamani, mimi mwenyewe siku ya mahafali yangu mama alivaa kitenge ambacho hajawahi kukivaa tena mpaka leo, kimekunjwa sandukuni.

Mpaka naandika hapa hajanipigia tena. Ila jana usiku nimeona kaweka status, picha ya ng'ombe wake wako kisimani, hakuandika neno lolote, sijui anajivunia ama anawatangaza.