Ferrari ya kilomita 120,000: kwa nini naichagua kuliko ya 20,000

Watu wakinionyesha tangazo la gari la spoti la zamani, kidole chao huwa kwenye mita. “Kilomita 20,000 tu, fundi! Kama jipya.” Gari lenyewe lina miaka 22. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Piga hesabu: hazifiki kilomita 1,000 kwa mwaka. Gari hilo limeishi chini ya turubai, na kwa gari la aina hii kusimama kunaharibu kuliko barabara. Niletee la umri uleule lililotembea 120,000, likiendeshwa kila wiki na kumwagwa oili kila mwaka, risiti zake zimejaa faili zima. Hilo ndilo nitakalolipigia simu kwanza.

Sababu ni za kiufundi. Sili za mpira kwenye krenki na kemshafti, yaani mihimili inayozunguka ndani ya injini, hubaki laini kwa kulowana oili yenye joto. Gari likisimama miezi, oili yote inateremka kwenye sampu, beseni la chini ya injini, midomo ya sili inakauka na kukakamaa, na baada ya safari ndefu ya kwanza unakuta matone sakafuni. Petroli iliyolala inaacha utando wa gundi kwenye injekta, vile vinyunyizio vya mafuta. Pistoni za kalipa za breki zinashika kutu. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hata gari lisiposogea: kiwango cha DOT 4 kinataka yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji ya asilimia 3.7, yanaruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 155 tu. Diski za gari linalokwenda kasi hupita joto hilo mchana wowote. Matairi je? Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Meno yanaweza kuwa bado marefu na mpira wenyewe umeshakufa.

Soko linafikiri kinyume, na hapo ndipo penye nafasi yako. Kwa gari la kawaida kilomita 80,000 ni ujana. Kwa Ferrari au Lamborghini tayari ni “limetembea sana,” na bei inaporomoka kuliko afya ya gari ilivyoshuka. Ila usishangilie mapema, kwa sababu bei ya spea hufuata bei ya gari lilipokuwa jipya, si bei uliyolinunulia wewe. Gari linaweza kushuka hadi robo ya thamani yake, lakini kalipa yake, rejeta yake na mikono yake ya sasipensheni havishuki pamoja nalo. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya lililotembea sana na lililotembea kidogo huwa nawaambia wateja waiweke pembeni yote, iwe mfuko wa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asiyeweza kuiweka, namshauri asinunue.

Ukaguzi wangu unaanzia kwenye taimingi. Mkanda wa taimingi ndio unaofanya kemshafti izunguke sambamba na krenki. Kwenye injini nyingi za magari haya, valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika, au ukiruka meno kadhaa, zamu zinavurugika: pistoni inapanda na kugonga valvu zilizo wazi, valvu zinapinda, na hedi, sehemu ya juu ya injini, lazima ifunguliwe. Na mkanda huzeeka kwa miaka, si kwa kilomita peke yake. Ndiyo maana mafundi wengi wa Ferrari huubadilisha kila miaka mitatu hivi hata kama gari halijatembea. Kuna wauzaji wanaojisifu kwamba mkanda wao una miaka minane na haujawahi kuleta shida. Hiyo ni bahati, na bahati haiuzwi pamoja na gari.

Hapa ndipo toleo moja la gari linaweza kuwa mzigo kuliko mdogo wake. Ferrari F355, iliyotengenezwa kuanzia 1994 hadi 1999, inadai injini ishushwe yote kupitia chini ndipo mikanda ifikiwe vizuri. 360 Modena iliyoifuata mwaka 1999 ina mfuniko nyuma ya viti: unaufungua na mikanda iko mbele yako, injini haijaondoka mahali pake. F430 ya mwaka 2004 ikaja na cheni, na habari ya mikanda ikaishia hapo. Ni V8 tatu, injini za silinda nane, zilizopokezana, lakini saa za kazi ya fundi ni mbingu na ardhi.

Kwa F355, basi, swali si “mkanda umebadilishwa?” Uliza: injini ilishushwa lini, na ilipokuwa chini walifanya nini kingine? Injini ikiwa mezani, fundi mwenye akili anabadilisha pia beringi za kukazia mkanda, sili za kemshafti, mipira ya maji na ya mafuta, na anaikagua pampu ya maji. Risiti inayotaja mkanda tu inaniambia mwenye gari alikuwa anabana matumizi, na sehemu zilizoachwa zitakuwa zako. Kwenye F355 za mwanzo nauliza pia kuhusu gaidi za valvu, yaani mirija inayoziongoza valvu, kwa sababu zile za shaba zinaisha mapema. Ikiwa zilishabadilishwa kwa za chuma na karatasi zipo, hizo kilomita 100,000 zinakuwa faida: mtu mwingine ameshalipia ugonjwa wa utotoni.

Baada ya karatasi, kompyuta. Watu huchomeka mashine kutafuta misimbo ya hitilafu, wakiona hakuna wanachomoa. Kuna kitu cha thamani zaidi humo. Porsche 911 za vizazi vya 996 na 997, kwa mfano, zinahifadhi saa ambazo injini imefanya kazi. Gawanya kilomita kwa saa upate mwendo wa wastani. Kilomita 100,000 kwa saa 2,000 ni wastani wa kilomita 50 kwa saa, jambo linaloingia akilini. Kilomita 40,000 kwa saa zilezile 2,000 ni wastani wa 20. Ama gari limeishi kwenye foleni, ama kuna mtu ameirudisha mita nyuma. Vyovyote iwavyo, una swali la kumuuliza muuzaji, na uso wake utakusaidia.

Kompyuta hizo pia zinakumbuka injini ilipozungushwa kupita kiwango, na kwenye 997 kumbukumbu hiyo imegawanywa ngazi sita. Ngazi za chini hazinisumbui sana, kwa kuwa dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho kidhibiti cha mizunguko kinamkatia mwenyewe. Za juu ndizo za kuogopa. Huko hufiki kwa kukanyaga mafuta. Unafika kwa kukosea gia, unataka ya nne kutoka ya tatu ukaingiza ya pili. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini wakati huo, na hakuna kidhibiti kinachoweza kuyazuia. Ukikuta alama za ngazi za juu, angalia zilitokea saa ya ngapi ya injini. Kama ni saa mia kadhaa zilizopita na injini bado inapumua vizuri, naweza kuendelea na mazungumzo. Kama ni juzi, naondoka.

Kupumua huko kunapimwa kwa namna mbili. Kipimo cha kompresheni kinakuambia silinda inajaza mgandamizo kiasi gani. Mimi nakipenda zaidi kile cha kuvujisha: unaweka pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefunga, unaingiza hewa yenye shinikizo kupitia tundu la plagi, kisha unasoma asilimia ngapi inapotea. Uzuri wake ni kwamba unasikia inapopotelea. Mluzi kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea. Kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia. Hewa ikipuliza kwenye mfuniko wa oili, ringi za pistoni zimechoka. Mapovu kwenye maji ya rejeta, gasketi ya hedi. Injini iliyotembea sana itapoteza zaidi ya mpya, na hilo halinitishi. Natafuta ulinganifu. Silinda nane zinazovuja zote asilimia 9 nazichukua kabla ya saba zenye asilimia 4 na moja yenye 25.

Klachi ni habari nyingine, kwa sababu inahesabu tabia za dereva badala ya kilomita. Kuanzia F355 F1 ya mwaka 1997, Ferrari iliuza giaboksi ya kubadilishia kwenye usukani, iliyoitwa F1. Wengi wanaidhani otomatiki. Siyo. Ni klachi kavu ileile ya manyuali, inayokanyagwa na mfumo wa haidroliki badala ya mguu wako. E-gear ya Lamborghini Gallardo ni ya ukoo huohuo. Klachi hizi zinadumu kwenye barabara kuu na zinakufa kwenye foleni, na kinachozimaliza haraka zaidi ni kurudi nyuma ukipanda mlima polepole. Kompyuta itakupa asilimia ya klachi iliyotumika, lakini usiiamini kama msahafu: kama klachi mpya ilifungwa bila kuanzishiwa vipimo vyake upya, namba hiyo inadanganya. Linganisha na risiti.

Jaribio jingine halina gharama. Fungua mlango wa dereva kwenye 360 yenye F1 usikilize nyuma: pampu ya haidroliki inanguruma sekunde chache kisha inanyamaza. Ikiwaka tena na tena bila wewe kubadilisha gia, kuna mvujo au chombo cha kuhifadhi shinikizo kimechoka. Na rilei ya pampu hiyo, swichi yake ya umeme, ni kitu cha bei ndogo ambacho kikiganda kinaiacha pampu ifanye kazi mpaka iungue. Mimi naibadilisha hata kama haijaleta shida.

Kwa manyuali za zamani za Ferrari, gia ya pili kugoma asubuhi ni kawaida. Oili ya giaboksi bado nzito. Ruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu kwa kilomita za mwanzo. Ikiendelea kukwaruza oili ikiwa moto, sinkronaiza, zile ringi zinazosawazisha mwendo wa gia, zimeisha na bei ishuke.

Mengine nayapitia haraka. Manifoldi za ekzosi za F355 na F430 hupasuka. Sikiliza mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi. Porsche 996 Turbo ina injini imara, ile ya ukoo wa mhandisi wa Porsche Hans Mezger, haina ile beringi ya shafti ya kati inayowanyima usingizi wenye 996 za kawaida, lakini viungo vya mabomba yake ya maji vimebandikwa kwa gundi na gundi huachia kwa uzee. Kama havijachomelewa au kupigwa pini, weka kwenye bajeti. Vitufe vya ndani vya Ferrari na Maserati za miaka hiyo hunata kama vimepakwa asali; vinasafishika, usikubali vikuharibie ununuzi mzuri, wala usiache kuvitumia kupunguza bei.

Ukishalipeleka nyumbani, badilisha vimiminika vyote mara moja bila kujali muuzaji alisema nini: oili ya injini, ya giaboksi, maji ya rejeta, mafuta ya breki, na kwenye F1 hata ya haidroliki. Oili ya kwanza chukua sampuli uipeleke maabara wapime chembe za chuma. Kipimo cha pili baada ya kilomita elfu chache ndicho kitakachokuwa na maana, maana sasa una cha kulinganisha. Betri iunge na chaja ya kudumu. Betri dhaifu kwenye magari haya inawasha taa za hitilafu ambazo hazipo, na nimeona watu wakinunua kompyuta ya gia kwa tatizo la betri. Kisha liendeshe. Joto la maji likifika katikati usianze kupiga resi, oili huchelewa kupata moto nyuma ya maji.

Spea si lazima zitoke kwenye boksi lenye nembo ya farasi wa Ferrari au fahali wa Lamborghini. Taa za mbele za Lamborghini Diablo za mwishoni ni za Nissan 300ZX, na Gallardo imejaa vifaa vya Audi. Tafuta namba ya mtengenezaji iliyogongwa kwenye kifaa chenyewe kabla ya kulipa, uone kama kinauzwa kwa jina jingine. Spea za namna hiyo siziruhusu kwenye breki na sasipensheni, hapo nataka sehemu sahihi tu.

Ukiniuliza lipi la kuanzia, nitakutuma kwenye Honda NSX ya manyuali iliyotembea sana. Injini yake ya V6 inavumilia, mkanda wake unafikika bila kushusha injini, na dereva anaona barabara vizuri. Bodi yake ni ya aluminiamu, hivyo kagua kwa makini kama imewahi kugongwa, maana si kila mnyooshaji anaiweza. Na kama ni ya 1991 au 1992, soma namba ya giaboksi: baadhi yake zina ringi ya kushikilia beringi inayoweza kupasuka na kuharibu kasha zima. Uliza kama ilishabadilishwa, na uone risiti.