Tofu si jibini

Hapa Kigoma soya tunaijua kwenye uji wa lishe, basi. Ndiyo maana ndugu zetu wakiingia mgahawa wa Kichina Dar es Salaam, wakiona tofu, vile vipande vyeupe vya soya, hudhani ni jibini iliyopooza. Sivyo. Haina tone la maziwa ya ng'ombe: soya hulowekwa, husagwa, huchujwa, maji yake meupe huchemshwa na kugandishwa kwa chumvi ya madini, kisha hukamuliwa. Ladha huletwa na mchuzi, kama ugali unavyongoja migebuka. Agiza mapo tofu, tofu ya mchuzi mkali ya jimbo la Sichuan huko China, ambayo pilipili yake hutia ulimi ganzi. Ila uliza kwanza nyama iliyomo, huenda ni ya nguruwe. Ukikuta tempe ya Kiindonesia, soya nzima iliyochachushwa ikashikana, iombe ikaangwe.