Mnara, rimoti, jua na eksirei: mawimbi ya sumakuumeme ni kitu gani hasa?

Shangazi yangu ana ruta ya waifai sebuleni na kila siku ikifika saa nne usiku anaichomoa ukutani, ukimuuliza kwa nini anakwambia mionzi hiyo baba, mionzi inaua. Sawa. Sasa shangazi huyohuyo kesho yake kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa yuko gulioni na mitumba yake, juani, hana kofia hana mwavuli, na wala hana habari. Shida naona iko kwenye neno letu lenyewe, hili "mionzi", limebebeshwa mizigo mingi mno: mnara wa simu mionzi, maikrowevu mionzi, eksirei mionzi, bomu la nyuklia mionzi, yaani jua peke yake ndo limesamehewa.

Ukiacha baadhi ya vinavyotoka kwenye bomu, vyote hivyo ni familia moja inaitwa mawimbi ya sumakuumeme. Jina linatisha lakini limeungwa tu, sumaku na umeme. Nguvu ya umeme ikitikisika inaamsha nguvu ya sumaku, ya sumaku ikitikisika inaamsha ya umeme, basi zinaamshana hivyo hivyo huku zinasonga mbele. Wimbi la bahari linataka maji, sauti inataka hewa, hili halitaki chochote, linakatiza hata penye utupu, ndo maana jua linatufikia wakati katikati hapo hamna kitu. Mwendo wake ni kama km 300,000 kwa sekunde, kutoka kwenye jua mpaka kwenye paji lako la uso ni dakika nane na kidogo. Mskochi James Clerk Maxwell aliliona kwanza kwenye hesabu, kazi yake ikachapwa 1865, alipotafuta mwendo wake akakuta ni uleule wa mwanga, akasema basi mwanga wenyewe ni wimbi hilihili. Miaka ishirini na kitu baadaye Mjerumani Heinrich Hertz akalitengeneza kwa mikono maabara, na jina lake ndo unalisikia kila siku kwenye redio, megahezi hizo (hezi moja ni kutikisika mara moja kwa sekunde, mega ni milioni, giga ni bilioni).

Kama ni kitu kimoja, tofauti inatoka wapi? Kwenye urefu wa wimbi, yaani kutoka kilele kimoja mpaka kinachofuata. Kuna yenye urefu wa mita mia tatu na kuna mengine madogo kuliko chembe ya atomu. Likiwa fupi linatikisika mara nyingi zaidi kwa sekunde, na hapo ndo penye siri yote, kwa sababu nguvu ya wimbi hili haimwagiki kama maji, inakuja punje punje (wataalamu wanaziita fotoni) na wimbi likizidi kuwa fupi punje yake inazidi kuwa nzito. Chukua gunia la mchele umrushie jirani punje mojamoja kwenye kioo cha dirisha, utamaliza gunia zima na kioo kiko palepale, labda atoke tu kukutukana. Ila jiwe moja tu kioo kwisha. Redio, mnara, waifai, maikrowevu, huo ni mchele. Eksirei na gama ni mawe. Mchele ukiwa mwingi sana utapasha joto, na ndo kazi ya maikrowevu, lakini hauvunji kitu ndani ya seli kama jiwe linavyovunja.

Tuanze na macho. Mwanga tunaouona ni kipande kidogo tu katikati ya familia, kati ya nanomita 400 na 700 hivi (nanomita ni mita uigawe mara bilioni), zambarau ndo fupi na nyekundu ndo ndefu. Ni madogo kiasi kwamba upana wa unywele mmoja unaingia mawimbi zaidi ya mia. Kwa huo mwanga sina la kuongeza, unausomea hii.

Ukishuka chini ya nyekundu, kwenye mawimbi marefu zaidi, unakuta infraredi, ambayo William Herschel aliigundua 1800 kwa kuweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu ya upinde wa rangi za mwanga wa jua, mahali pasipo na mwanga wowote, kikapanda kuliko kwenye rangi zenyewe. Joto la jiko la mkaa unalolisikia usoni bila kushika chochote, sehemu kubwa ni hiyo. Na rimoti ya tivii pia. Hii ijaribu sasa hivi: fungua kamera ya simu, ile ya selfi ni nzuri zaidi maana za nyuma nyingi zina kichujio, elekeza kitaa cha mbele cha rimoti kwenye kamera halafu bonyeza kitufe chochote. Kwa macho huoni kitu, kwenye skrini unaona kitaa kinapepesa rangi ya zambarau iliyopauka. Mafundi wengi ndo kipimo chao, kikipepesa rimoti ni nzima angalia tivii, kisipopepesa badilisha betri kwanza kabla hujaenda kununua rimoti nyingine. Na ile bunduki ya kupima joto wakati wa korona, mnakumbuka watu walivyokuwa wanakwepesha paji la uso eti inachoma ubongo? Ile haipigi infraredi kwako, inapokea, wewe ndo unaitoa kwa sababu mwili wako una joto. Ukiogopa kitu pale ujiogope mwenyewe.

Chini zaidi ni mawimbi ya maikro, ya sentimita. Maikrowevu ya jikoni inatumia gigahezi 2.45, wimbi la kama sentimita 12, na linafanya kazi kwa kuzigeuzageuza molekuli za maji mara nyingi mno kwa sekunde mpaka zinachemka, ndo maana ubwabwa wa jana unapata moto na sahani kavu inabaki poa au inapata joto la ubwabwa wenyewe. Angalia vizuri ule mlango wa kioo, ndani una wavu wenye vitundu vidogo vya milimita moja hivi. Mwanga unapita kwenye vitundu kwa hiyo unaona chakula kinazunguka, wimbi la sentimita 12 haliwezi, kwake huo wavu ni ukuta wa chuma. Uvumbuzi wenyewe ulitokea kama ajali, Percy Spencer alikuwa anashughulika na mitambo ya rada Marekani miaka ya 1940, akakuta chokoleti mfukoni imeyeyuka.

Waifai nayo iko hapohapo, gigahezi 2.4, kwa hiyo ukiona intaneti inakwamakwama kila mtu akipasha chakula sio uchawi, wanagombania njia moja. Sasa shangazi angeniuliza, kama ni wimbi moja mbona ruta haituchemshi? Kwa sababu maikrowevu inamwaga wati 700 hadi 1000 ndani ya boksi la chuma, ruta inatoa sehemu ya kumi ya wati na inasambaa nyumba nzima. Simu ya mkononi yenyewe haizidi wati 2.

Na dishi. Wengi wanalaani mvua ikinyesha picha ikaganda, wanasema kampuni inawaibia (labda inawaibia, ila sio kwa hili). Setilaiti iko juu ya Ikweta karibu km 36,000, inashusha mawimbi ya gigahezi 11 au 12, yaani sentimita mbili na nusu hivi. Matone ya mvua yana milimita kadhaa, kwa wimbi fupi namna hiyo tone sio kitu cha kuruka tu, wimbi linanywewa na kutawanywa njiani, wingu likiwa zito kinachofika kwenye dishi ni makombo na king'amuzi kinaandika hakuna mawasiliano. Yale madishi makubwa ya zamani, yale ya futi nane yanayokaa uani kama sufuria ya shughuli, yanapokea wimbi la sentimita saba na kitu, mvua haiyasumbui. Af kwa sababu sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, setilaiti nyingi tunazotumia ziko karibu utosini, ndo maana madishi ya Dar yamelala chali yanatazama mbinguni, ukienda Uingereza yamesimama wima yanatazama paa la jirani.

Mwisho wa huku ni redio. FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3, ndo sababu antena ya gari inapenda kuwa kama sentimita 75, robo yake. Linakwenda karibu moja kwa moja kwa hiyo ukivuka mlima stesheni inakufa. Kichekesho ni masafa mafupi. Jina linakudanganya, ni mafupi kwa sababu wimbi ni fupi kuliko la masafa ya kati, ila ndo yaliyokuwa yanafika mbali kuliko yote, yanapanda mpaka tabaka la ayonosfia juu ya anga, yanagonga, yanarudi chini. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, na wazee walioipata London wakiwa Kigoma na redio ya mbao waliipata kwa njia hiyo ya kugongesha, ile sauti ikija na kuondoka kama pumzi. Ilikuwa ni anga inahemahema, redio haikuwa na kosa.

Sasa turudi kwenye mwanga tupande upande mwingine, upande wa mawe. Baada ya zambarau inakuja urujuanimno, ndo ile wanaandika UV kwenye chupa za mafuta ya jua. Ina faida, ngozi inatengenezea vitamini D, wakala wa pesa ana kitaa chake cha zambarau na noti halali inamuonyesha alama zinazowaka, shati jeupe disko linawaka kwa sababu sabuni ya unga ina dawa inayobadilisha urujuanimno kuwa mwanga wa bluu. Lakini hapa punje moja tayari ina nguvu ya kuharibu vinasaba ndani ya seli, na mawingu mepesi hayaizuii. Wenye ualbino ndo wanalipa bei kubwa kwa kuwa hawana melanini (rangi ya asili ya ngozi) ya kutosha kuwakinga, saratani ya ngozi inawapata wakiwa bado vijana, na Moshi pale hospitali ya KCMC wanatengenezewa mafuta yao ya jua yanaitwa Kilisun. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka mawimbi ya simu mwaka 2011 kwenye kundi la "huenda", ushahidi hautoshi. Jua liliwekwa kundi la kwanza, la uhakika, tangu 1992. Nilimsomea shangazi hilo, akaniuliza kwa hiyo mitumba akauzie wapi. Sikuwa na jibu, nilimnunulia kofia pana.

Eksirei jina lake ni la mtu aliyekosa jina. Wilhelm Röntgen mwaka 1895 alikuta mionzi inapenya karatasi nyeusi, hakujua ni nini akaiita X, kama ile X ya kutafuta darasani. Mwezi mmoja na kitu baadaye akapiga picha mkono wa mkewe, mifupa inaonekana na pete imening'inia kidoleni. Inapenya nyama, inakwama kwenye mfupa na chuma, ndo hivyo hivyo bandarini wanavyochungulia kontena bila kulifungua. Watu wanauliza mbona mpiga picha anakimbilia nje akiniacha mimi ndani? Wewe unapigwa mara moja kwa miaka kadhaa, yeye angesimama hapo angepigwa na kila mgonjwa wa siku, kila siku ya kazi.

Angani pia kuna eksirei, inatoka kwenye nyota, ila hewa yetu inaizuia isifike chini (na tushukuru). Setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuitafuta ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, kwa hiyo Wamarekani walioitengeneza wakaipa jina la Uhuru. Ukisoma vitabu vya elimu ya nyota popote duniani utakuta jina hilo kama lilivyo, Uhuru, na vyanzo zaidi ya 300 ilivyovigundua.

Gama ndo jiwe zito kuliko yote, inatoka ndani ya kiini cha atomu. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, inaitumia kuchomea uvimbe. Ila mfano ninaoupenda mimi ni wa mbung'o wa Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, basi Tanga wakafuga mbung'o kwa mamilioni, madume wakapigwa gama ya kutosha kuwafanya wagumba bila kuwaua, halafu kuanzia 1994 ndege ndogo ikawa inawamwaga kisiwani. Majike yakapandwa na wagumba, hawakuzaa. Zilimwagwa zaidi ya milioni 8, mbung'o wa porini wa mwisho akanaswa 1996, na ng'ombe wa Unguja wakapona nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Hapo kuna aliyeniuliza, sasa hao nzi si walikuwa na mionzi, wakimng'ata ng'ombe na nyama yake si tunakula? Hapana. Kupigwa na wimbi sio kubaki nalo, ukitoka chumba cha eksirei hutembei na eksirei mfukoni. Ukizima taa, mwanga haubaki chumbani unakusubiri.