Je, wajua kwa nini mtu mzima anahitaji kucheza?

Mwaka 1997 dunia ilioneshwa picha za chura hai akielea hewani, bila uzi wala upepo, ndani ya maabara moja ya Nijmegen, Uholanzi. Aliyemwelesha ni mwanafizikia Andre Geim, na hakuna aliyemtuma. Alianza kwa kumimina maji kwenye sumaku kubwa ya umeme, Ijumaa jioni, ili aone tu kitatokea nini. Maji husukumwa na sumaku, ila kwa nguvu ndogo mno ambayo kwa sumaku za kawaida hatuioni kabisa. Sumaku ile ilikuwa na nguvu zaidi ya mara elfu ya zile tunazobandika kwenye friji, hivyo maji yakabaki juu, vitone vitone. Na chura, ambaye mwili wake kwa sehemu kubwa ni maji, akaelea vilevile.

Kwetu mtu wa namna hii huitwa mtu mzima ovyo. Ana shahada, ana mshahara, halafu anachezea vyura!

Lakini ukifuatilia alikoishia, utaona mchezo ule ulikuwa na kazi yake. Geim alipohamia Manchester, Uingereza, aliendelea na majaribio yake ya Ijumaa jioni. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitengeneza utepe unaonata bila gundi, kwa kuiga vinyweleo vidogo sana vya nyayo za mjusi, vinavyomwezesha kutambaa darini asidondoke. Kisha wakageukia grafaiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli.

Wanaochunguza grafaiti walikuwa na kawaida ya kusafisha uso wake kwa selotepu: unabandika, unabandua tabaka la juu, selotepu unaitupa. Safari hii selotepu hizo zilichunguzwa badala ya kutupwa. Zilikuwa na vipande vyembamba ajabu. Basi Geim na mwenzake Konstantin Novoselov wakawa wanakunja selotepu, wanaibandua, wanakunja tena, na kila mara kipande kinagawanyika na kuzidi kuwa chembamba, mpaka wakafikia utando wenye unene wa atomi moja tu. Ndiyo grafini, waliyoitangaza mwaka 2004, wakati wanafizikia wengi waliamini utando wa namna hiyo hauwezi kudumu peke yake. Mwaka 2010 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa nini mchezo uliwafikisha huko? Kazi yenye lengo na msimamizi hukufanya uogope kukosea, maana kosa linakula fedha, muda na jina lako. Akili inashika njia iliyozoeleka, na ina haki. Kwenye mchezo kosa halina bei, kwa hiyo unathubutu kujaribu jambo la kipuuzi. Geim mwenyewe alieleza kwamba kati ya majaribio kama dazeni mbili ya Ijumaa, kwa muda wa miaka 15 hivi, mengi yalifeli vibaya. Matatu ndiyo yaliyofaulu. Ni bosi gani angevumilia hesabu hiyo?

Hili si la wanasayansi pekee. Mwangalie fundi cherehani aliyemaliza oda za watu, akakusanya vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya meza na kuviunga bila kipimo. Anageuza kipande juu chini, anaona ua lililokatika upande huu linakutana na ua la kitambaa kingine kabisa kwenye mshono. Anafumua, anashona tena. Kwenye kitambaa cha mteja asingethubutu, maana akikiharibu analipa. Hapa anajifunza kupatanisha rangi na maua ambayo hakuna mteja aliyewahi kumwagiza.

Kuperuzi simu mimi sikuhesabu humu. Kunaweza kukupumzisha, ila unachoangalia kimetengenezwa na wengine. Mchezo ninaousema una kitu mkononi mwako: sufuria yenye viungo usivyowahi kuvichanganya, udongo, gitaa la kuazima, mistari ya shairi.

Na unachotengeneza kikianza kupendeza macho ya watu, watakushauri ukiuze. Ushauri wenyewe ni wa upendo, na fedha tunazihitaji. Ila fahamu kwamba oda ya kwanza ikiingia, kosa limepata bei tena, na mteja atataka kile kile alichokiona jana. Mafundi wengi huacha kubuni hapo hapo, ilhali mikono yao bado ina uwezo.