Je, wajua kwa nini mzizi wa fuzi huchemshwa saa nzima peke yake?

Karatasi ya dawa ya kuchemsha ya Kichina huwa na majina ya mimea kumi hivi, kila mmoja na gramu zake, na kando ya baadhi ya majina huongezwa maneno machache. Huu utangulie jikoni. Ule utiwe mwishoni, dakika tano kabla ya kuepua. Fuzi ikiwemo, maelekezo huwa makali zaidi: ichemke peke yake nusu saa hadi saa nzima, na kipimo kikiwa kikubwa hata saa mbili, ndipo mingine ifuate.

Jibu linalomjia mtu haraka ni kwamba mzizi ni mgumu, kwa hiyo unahitaji muda kutoa nguvu yake. Kwa fuzi, ukweli ni kinyume kabisa.

Kosa hili linastahili kukaliwa kidogo, maana lina mantiki na linaua. Wengi wetu tunaona kuchemsha ni kukamua tu: kilichomo kwenye mmea kinahamia kwenye maji, basi. Ukishaamini hivyo, muda mrefu maana yake ni dawa kali, na muda mfupi ni dawa hafifu. Mtu mwoga wa dawa kali akaepua fuzi baada ya dakika kumi na tano, akidhani amejihurumia, huwa ametengeneza kikombe cha hatari kuliko vyote ambavyo mzizi ule ungeweza kutoa. Sumu iliyomo kwenye fuzi imeshatoka kwenye mzizi na kuingia majini, lakini haijapata muda wa kuvunjika. Moto hufanya kazi mbili kwa pamoja, kutoa na kuvunja, na kwa fuzi ile ya pili ndiyo inayohesabiwa.

Kinachozidi kuwachanganya watu ni kwamba agizo hilo hilo la kutanguliza huandikwa pia kwa magamba ya chaza, jiwe la jasi na mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Hivyo kweli ni vigumu: hupondwa, vikachemshwa dakika 20 hadi 30 ili vitoe walau kidogo. Agizo moja, sababu mbili zinazopingana, na karatasi haisemi ni ipi.

Fuzi ni kiazi kinachochipuka ubavuni mwa mzizi mkuu wa Aconitum carmichaelii, mmea wenye maua ya zambarau unaolimwa tangu zamani huko Jiangyou, mkoa wa Sichuan. Mzizi mkuu wenyewe huitwa chuanwu, na ndugu yake wa porini caowu. Vyote vina alkaloidi iitwayo akonitini pamoja na jamaa zake wa karibu. Miligramu 2 za akonitini tupu zinatosha kumuua mtu mzima. Huko Asia mimea ya jamii hii ilipakwa kwenye mishale kabla na baada ya kuingia kwenye vitabu vya tiba, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa sumu yenyewe. Seli za moyo na za neva zina vijilango vinavyopitisha sodiamu. Kila pigo la moyo huanza na milango hiyo kufunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha kujifunga yenyewe. Akonitini ni kama kabari iliyochomekwa chini ya mlango: mlango unafunguka kama kawaida, lakini haufungiki. Sodiamu inaendelea kumiminika ndani, seli inashindwa kutulia, na inatuma ishara wakati haikutakiwa. Kwenye ulimi na midomo hali hiyo huhisiwa kama mchonyoto na ganzi. Kwenye moyo, mapigo huvurugika, na vyumba vya chini vinaweza kuanza kutetemeka badala ya kusukuma damu.

Kabari hii ina vichwa viwili, vikundi viwili vya atomu vilivyounganishwa na kiini cha molekuli, na ndivyo vinavyoifanya ikae imara mahali pake. Maji ya moto huving'oa kimoja baada ya kingine. Cha kwanza hutoka upesi kiasi, na kinachobaki, benzoilakonini, kina sumu pungufu kwa mara mamia. Cha pili huchelewa zaidi, na kikitoka huachwa akonini, yenye sumu pungufu kwa mara elfu na zaidi. Makadirio hutofautiana kati ya maabara na maabara, kwa hiyo shika ukubwa wa tofauti, si tarakimu. Kabari iliyopoteza vichwa vyote bado imo kwenye kikombe, ila mlango unaisukuma na kujifunga.

Kazi hii huanzia kiwandani. Kwa chuanwu, Farmakopea ya China, kitabu rasmi cha viwango vya dawa nchini humo, inataka mizizi ilowekwe hadi isibaki na kiini kikavu, ichemshwe saa 4 hadi 6 au ipikwe kwa mvuke saa 6 hadi 8, kisha kubwa na nzito kuliko zote ikatwe. Ndani pasionekane weupe, na ukiionja, ulimi ufe ganzi kidogo tu. Fuzi hulowekwa kwanza kwenye maji machungu yanayobaki baada ya kuvuna chumvi, kisha huchemshwa na kukatwa vipande. Kwa hiyo saa nzima ya jikoni kwako ni ngwe ya mwisho, iliyowekwa kwa sababu viwanda havilingani.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni kuhesabu muda tangu chungu kilipowekwa motoni badala ya tangu maji yalipoanza kutokota. Ya pili ni kuongeza maji baridi katikati, au vipande vingine vya fuzi baada ya nusu saa: vya mwisho havipati muda wao. Ya tatu ni urefu kutoka usawa wa bahari. Kunming, mji mkuu wa Yunnan, uko karibu mita 1,900 juu, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Huo ni mkoa ambao watu hupika mizizi hii na nyama wakati wa baridi, na kila mara wengine huishia hospitalini. Nairobi, kwa taarifa yako, haiko mbali sana na kimo hicho.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: kuloweka mzizi kwenye pombe kwa ajili ya maumivu ya viungo. Pombe hukamua akonitini vizuri mno, na bila moto hakuna kinachoivunja. Hata dawa ya kuchemsha si salama kwa jina lake tu. Mwaka 2017 huko San Francisco watu wawili waliugua vibaya baada ya kunywa chai ya mitishamba, mmoja akafa, na akonitini ilipatikana kwenye vipimo.

Jirani wa fuzi kwenye karatasi hiyo hiyo hutaka kinyume. Dahuang, mzizi wa kuharisha, hutiwa mwishoni kwa sababu viambato vinavyosukuma tumbo huvunjwa na moto. Ukiuchemsha sana unabaki na dawa laini. Mnanaa nao hupoteza mafuta yake kwa mvuke, harufu ikajaa nyumba nzima na kikombe kikabaki na rangi. Mfano mashuhuri zaidi ni qinghao, Artemisia annua. Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4, aliandika kwamba konzi moja ilowekwe kwenye maji, ikamuliwe, maji yanywewe. Tu Youyou, mtafiti wa China aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria na wenzake, alipoisoma sentensi hiyo alijiuliza kama moto ndio uliokuwa ukiwaharibia kazi. Mwaka 1971 akatumia etha, kimiminika cha kukamulia kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na hapo ndipo ilipoanzia artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria. Tahadhari kidogo hapa: jinsi joto la chai linavyoiharibu artemisinini haikubaliwi sawa na watafiti wote, na tatizo jingine ni kwamba haiyeyuki vizuri majini. Kwa vyovyote, Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya mmea huo kwa malaria.

Wala usitoke hapa ukiamini kwamba moto husafisha kila sumu. Asidi ya aristolokia, sumu ya figo iliyomo kwenye baadhi ya mimea ya dawa, haivunjwi na chungu chochote cha nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Brussels, vidonge vya kupunguza unene viliwekwa guangfangji, mmea wenye asidi hiyo, badala ya hanfangji, majina karibu pacha, na wanawake zaidi ya 100 wakaharibikiwa figo. Ndiyo maana jina la kisayansi kwenye pakiti lina thamani kuliko jina la dukani.

Fuzi ikiandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa, kipimo cha Farmakopea ni gramu 3 hadi 15 kwa siku, zilizopimwa kwa mizani. Tumia chungu cha udongo, enameli au chuma kisichoshika kutu, wala si alumini. Weka maji ya kutosha saa nzima, na yakipungua ongeza yanayochemka. Mwisho weka kipande kidogo kwenye ncha ya ulimi, usubiri, uteme. Ganzi ikitokea, rudisha motoni. Ulimi usiposikia kitu usiufanye maabara: jaribio hili linaweza kukuonyesha hatari, si kukuthibitishia usalama. Wajawazito hawaruhusiwi kabisa, na anayetumia dawa za moyo amweleze daktari kwanza. Vidonge vilivyotengenezwa tayari, mara nyingi ndivyo vinavyouzwa Dar es Salaam na Nairobi, visomwe: ukiona Aconitum na huoni kipimo wala namba ya usajili, viache dukani.

Dalili huanza kati ya dakika kumi na saa mbili: midomo kuchonyota, vidole kufa ganzi, kutapika, moyo kwenda mrama. Hakuna dawa ya kuizimua sumu hii. Madaktari huushikilia moyo kwa dawa na mashine hadi mwili uitoe wenyewe, kwa hiyo mtu apelekwe hospitali yenye uwezo huo ganzi ikianza tu, pamoja na pakiti na masalia ya chungu.