Kituo cha njiani: ndege wahamao na mimea ya ardhioevu

Ndege wahamao walio wengi hawamalizi safari kwa mruko mmoja. Hushuka mahali wakala na kupumzika, na mahali hapo ndipo panapoitwa kituo cha njiani. Kwa ndege wa majini, kituo hicho ni ardhioevu: kinamasi, delta, ukingo wa ziwa au ufuko wa matope. Kitwitwi, ndege mdogo wa ufukoni, anapojiandaa kuvuka bahari hula wiki kadhaa mfululizo, na wapo wanaoondoka na uzito unaokaribia maradufu ya ule waliofika nao. Akikosa shibe hapo, huenda asifike, au afike kwenye mazalio akiwa dhaifu asiweze kutaga.

Wengi hudhani kinamasi kikiwa na kijani kingi ndipo ndege wanaponufaika. Sivyo. Kitwitwi ana miguu mifupi. Hudunga mdomo kwenye tope lililo wazi, au penye maji ya sentimita chache, akitafuta minyoo na kome wadogo. Manyasi yakifunga hapati pa kudunga, wala hamwoni mwewe akija. Bata hutaka maji wazi na mbegu, huku ndege wadogo wa vichakani wakiyategemea matete yenyewe. Kituo kizuri basi huwa na vyote hivyo kwa pamoja.

Binadamu huuvuruga mpangilio huo hata bila kukata mmea mmoja. Kwenye delta ya Mto Senegal, bwawa la Diama lilipokamilika mwaka 1986 lilizuia maji ya chumvi kupanda mtoni. Maji yakawa hayana chumvi mwaka mzima, na matete aina ya tifa yakasambaa mpaka yakaziba maeneo yaliyokuwa wazi. Korea Kusini hali ilikuwa mbaya zaidi: ukuta wa Saemangeum, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 33, ulifunga bahari mwaka 2006 na matope yakafa. Vitwitwi waliokula pale hawakupata pengine pa kwenda. Hesabu zao zilishuka hata Australia, wanakokaa msimu wasiozaa.

Kilimo na ufugaji si lazima viwe adui. Ng'ombe wakichungwa kwa kiasi hufyeka manyasi na kuacha tope wazi, ingawa wakizidi hukanyaga viota. Katika Bonde la Kati la California, mashamba ya mpunga hufurishwa maji baada ya mavuno, na bata na vitwitwi hushuka humo kwa wingi. Ila maji hayo sharti yawe ya kina kifupi, na yawepo wakati ndege wanapita.